Grili za Kigamboni na rangi ya poda: wanajua kazi, ila kagua kona

Nyumba yangu iko Kigamboni, upande unaopokea upepo wa bahari bila kizuizi. Wenye nyumba wa huku wanajua: rangi ya mafuta haimalizi masika mbili kabla kutu haijachungulia kwenye maungio ya kuchomelea. Safari hii nikasema grili zote na geti vipigwe rangi ya poda, yaani unga mkavu unaookwa kwenye oveni mpaka ushike chuma. Nikapakia kirikuu, nikavuka daraja hadi karakana moja ya barabara ya Pugu, karibu na Tazara.

Kijana wa mapokezi alinitolea vibao vya rangi. Nikamwambia aviweke kwanza, anionyeshe wanavyosafisha. Akanipeleka uani bila kusita. Chuma kinapigwa mchanga kwa kompresa mpaka magamba meusi ya kiwandani yanatoka yote, kinabaki kijivu kitupu, kisha kinaoshwa kwa dawa ya fosfeti na kukaushwa. Pesa yako inalipia hapo hasa. Poda ikipigwa juu ya kutu itang'aa siku ya kwanza, halafu kutu inatembea chini kwa chini hadi ganda linabanduka vipande.

Upigaji wenyewe ni raha kuutazama. Grili inaning'inizwa kwenye ndoano yenye waya wa ethi, bunduki inaipa poda chaji ya umeme, na unga unaruka wenyewe kushika bomba hata upande wa nyuma ambako fundi hakuelekeza. Hakuna tina ya kuyeyushia rangi, hakuna kuumwa kichwa. Kutoka hapo ni oveni, nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Chuma kikishika joto hilo kinakaa humo kama dakika 15, poda inayeyuka na kuwa ganda moja gumu.

Kitu ambacho wateja wengi hawaulizi ni aina ya poda. Ya epoksi inashika sana, lakini jua linaigeuza chaki, kwa hiyo ni ya vitu vya ndani. Ya nje ni poliesta. Hawa waliniuliza wenyewe grili zinakaa wapi kabla sijafungua mdomo, na kwa hilo nawasifu. Nikachagua kahawia, namba 8017 kwenye chati ya rangi ya RAL. Nyeupe kwa vumbi la mtaani kwetu ni kujitafutia kazi ya kufuta kila Jumamosi.

Sasa malalamiko. Grili zangu zina maua, yale mapambo ya flatibaa iliyokunjwa, na ndani ya mikunjo rangi haikuingia. Sababu ni ule ule umeme: chaji inakimbilia kingo za nje, kona za ndani zinaambulia patupu. Fundi mzoefu hupunguza volti na kuanza na kona. Huyu alilipua. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona chuma kinanitazama. Walirudia bila kunitoza, lakini mpaka nipandishe sauti, na "njoo kesho, mama" niliisikia hadi nikaizoea.

Geti nalo halikuingia kwenye oveni. Vipimo nilishawapa kwa simu, wakasema linaingia bila shida. Nilipofika ndipo wakaja na wazo la kulikata, kulipiga rangi, halafu kuliunganisha. Nikakataa. Ukichomelea chuma chenye poda unaichoma, na kutu itaanzia kwenye lile kovu. Geti likageuza na kirikuu kile kile, na nauli ya kurudi nikalipa mimi.

Bei ilikuwa karibu mara mbili ya fundi wa brashi, ukiacha usafiri na tozo ya daraja. Masika imepita, vuli imepita, grili haijapauka. Mtoto wa mpangaji anaegemeza baiskeli pale kila siku na chuma hakijaonekana. Panaponiudhi ni kwenye matundu ya skrubu: fundi wa kusimika alitoboa mapya baada ya rangi, na tayari pameota wekundu. Matundu yote yatobolewe kabla ya kupeleka.

Grili za nyumba ya uani nitazipeleka kwao pia. Nimeshamwambia fundi wa kuchomelea atumie nondo tupu, maua hapana.