TAHADHARI: printa ndogo za picha "zisizotumia wino" za Instagram, msitume hela kabla hamjasoma hapa

Jamani wapiga picha wenzangu, hasa mnaojiandaa na mahafali na sendoff, kuna page inajitangaza iko Kariakoo inauza kaprinta ka mkononi, eti kanatoa picha za rangi papo hapo, hakatumii wino na kanakubali kamera yoyote. Mdogo wangu yuko Dodoma anapiga picha wahitimu, kalipia elfu tisini, mzigo ukapakiwa kwenye basi, kuja kufungua boksi ni printa ya risiti. Teknolojia ile ile ya mashine za EFD, karoli kembamba ka karatasi kako ndani, picha ya mhitimu na joho lake inatoka nyeusi yenye madotidoti kama risiti ya sheli.

Kumpigia muuzaji anajibiwa "dada si nilikwambia haitumii wino", kisha akamblock.

Na hapo ndo wanapowatapelia watu, maana kutotumia wino ni kweli kabisa. Zipo printa za aina mbili zisizotumia wino na kwenye tangazo zinafanana. Kuna zinazotumia karatasi za ZINK, kama HP Sprocket na Canon Zoemini, humo rangi ziko ndani ya karatasi yenyewe, matabaka ya njano, pinki iliyokolea na bluu ya maji, joto la printa ndo linaziamsha. Zile ni shiti moja moja, ngumu kidogo, inchi 2 kwa 3, nyuma unabandua unabandika popote. Halafu kuna hizi za risiti, karatasi ina kemikali ikipata joto inakuwa nyeusi, basi, hakuna setingi wala app ya kuifanya itoe rangi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kabla ya kulipa mdogo wangu aliuliza kwa meseji kama inatoa rangi, akajibiwa "ndio mpendwa inakuja na karatasi za rangi". Na kweli zilikuja, roli la pinki, la njano na la bluu, picha nyeusi juu ya karatasi ya pinki! Huyo mtu hajachanganya mzigo, anajua anachokifanya na maneno kayapanga.

Kwahiyo ukitaka kununua muulize karatasi ni za roli au ni shiti, akisema roli achana nae. Akikusifia kwamba karatasi ni bei ya kutupa na roli moja linatoa picha kibao ujue ni risiti hiyo, karatasi za picha za kweli hazijawahi kuwa rahisi hivyo. Mtumie picha yako mwenyewe saa hiyo hiyo mwambie aiprinti akiwa anarekodi video, maana zile video za kwenye page ni za printa nyingine kabisa. Na ukishaipata karatasi mkononi ikwaruze haraka na kucha, ya risiti inaacha mstari mweusi hapo hapo. Mteja ukimpa picha ya hivyo itafifia kwenye pochi kama risiti zake zingine, na ikikaa juani kwenye gari inaweza kuiva nyeusi yote, jina linaloharibika ni lako.

Hilo la "kamera yoyote" nalo muwe nalo makini. Nyingi ya hizi ndogo zinapokea picha kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kwahiyo ukipiga na DSLR, yaani zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, lazima kwanza uhamishie kwenye simu, kwa Wi-Fi ya kamera au kisoma kadi. Ukitaka kuchomeka memori kadi moja kwa moja angalia Canon Selphy kama CP1300 au CP1500, ile inapitisha karatasi mara nne, njano, pinki, bluu, halafu tabaka la kulinda, unapata picha ya sentimita 10 kwa 15 ambayo hata mzazi akiishika anajua kapewa picha.

Wa Instax na nyie, zile kamera zinazotoa picha papo hapo kwenye filamu, kuna filamu zilizopita muda zinauzwa boksi limebandikwa stika juu ya tarehe, usichukue. Na hakikisha ni Mini, Square au Wide kulingana na kamera yako, haziingiliani.

Hiyo page imeshabadilisha jina na bado inapost, ndo maana sitaji jina, mtatafuta lile wakati wameshahamia jingine. Kama una mzigo njiani na hujalipa, ufungulie pale pale kwa wakala wa basi na uprinti picha moja kabla hujatoa hela. Uliyekwisha kulipa usifute meseji za muamala wala chati, namba ya tapeli itume kwenda 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu, na nenda kituo cha polisi ufungue kesi, mdogo wangu kaenda na boksi lake na ile picha ya pinki.