Simu iliyojaa unga: fundi wa Ngamiani aliyekataa hela yangu

Nianze na simu yenyewe manake najua mtu atauliza. Ni Samsung A12, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020, mi nimeinunua mwaka uliofuata ikiwa mpya kwenye boksi na mpaka leo ndo ofisi yangu. Napika visheti, kaimati na mikate ya sinia hapa Mabawa, Tanga, oda zote zinaingia WhatsApp, picha naweka statasi asubuhi, hela inaingia kwenye simu hiyohiyo, kijana wangu wa baiskeli namwelekeza nyumba za watu kwa simu hiyohiyo. Ikizima mi nimefunga duka.

Sasa kuanzia Ramadhani ikaanza vituko. Unachomeka chaji inakwambia inachaji, unarudi baada ya saa nzima iko palepale asilimia 14. Ukiupinda waya kidogo kushoto inashtuka, inaanza, ukiuachia inakata. Nikafikia hatua nauwekea mchi wa kinu cha iliki juu yake ili usicheze, na mtu yeyote akipita jikoni namwambia usiguse hapo, usiguse kabisa. Af jioni ikifika asilimia 30 inazima tu yenyewe, pyu! Nimepoteza oda ya sinia nne za harusi Chumbageni kwa sababu mwenye shughuli kapiga mara sita hanipati akaenda kwa mwingine, na huyo mwingine namjua, visheti vyake vigumu kama kokoto, ila simu yake inapatikana.

Mtoto wa dada yangu akaniambia mama mdogo tupa hilo kopo, chukua simu ya mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kidogokidogo kila siku, ukichelewa simu inajifunga mpaka ulipe. Nikamwambia mwanangu, simu inayojifunga mi ninayo tayari na siilipii.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, simtaji wala sisemi yuko upande gani wa mji. Akaniambia betri imekufa mama, nakuwekea orijino ya Dubai, 30,000. Akataka na ile alama ya kufungulia simu, nikampa, mjinga mie, akaingia nayo chumba cha nyuma karibu saa nzima. Nimekaa pale nawaza picha za familia humo, meseji za miamala, kila kitu, na ukizingatia hii mitandao ya leo jinsi picha za watu zinavyozagaa kwenye magurupu ya konekshen huko, nikaanza kujilaumu nikiwa hapohapo kwenye benchi. Simu ikarudi, siku ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, wiki haijaisha kufika adhuhuri imekwisha. Baada ya wiki mbili tatu mgongo wa simu ukaanza kuinuka, wembe ungepita pale ukingoni. Betri imevimba! Na mi simu naiweka hatua mbili kutoka kwenye jiko la gesi. Wanaokumbuka ile Note 7 ya 2016 wanajua, Samsung wenyewe waliziita zote zirudi na wakaacha kuitengeneza kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto, mpaka kwenye ndege ikapigwa marufuku. Sasa kama kampuni kubwa vile ilikosea, hii betri yangu ya Dubai ambayo Dubai yenyewe sidhani kama inaijua itakuwaje?

Jirani ndo akanielekeza huku Ngamiani, barabara ya 8. Kibanda kidogo, meza ya kioo, spea zimepangwa kwenye vikopo vya siagi, taa moja ya shingo ndefu, na nyuma ya meza kakaa binti wa miaka ishirini na kidogo, mtandio kaufunga nyuma usiingie kwenye kazi. Akaniamkia, nikaitika, nikamuuliza fundi yuko wapi. Akasema, "Umeshamwona." Hakucheka wala hakukasirika, nadhani anaulizwa hivyo kutwa, manake hata nilipokuwa nimekaa pale walikuja wanaume wawili wakauliza hilohilo, mmoja akasema atarudi fundi akirudi. Arudi tu.

Kitu cha kwanza alichonikera: "Mama, chaja yako iko wapi?" Nimeiacha nyumbani. Akaniambia kaifuate. Nikamwambia mwanangu si utumie ya kwako, akasema ya kwangu naijua, nataka kuijua ya kwako. Haya, nikapanda bodaboda Mabawa, nikarudi, njiani namsema moyoni, fundi gani anamrudisha mteja nyumbani na jua hili la Tanga.

Ila aliponionyesha nikanyamaza. Ana kidude kidogo kama flashi, kinachomekwa katikati ya chaja na waya, kina kioo kinachosoma umeme unaoingia. Chaja yangu ni ile iliyokuja na simu, imeandikwa 9V 1.67A, yaani ndo ile wati 15. Kachomeka kwenye simu yangu kikasoma volti 5 na ampea 0.2, yaani simu inanyonya umeme kwa mrija. Kachomeka chaja hiyohiyo na waya huohuo kwenye simu nyingine ya pale mezani, ikapanda volti 9, ampea 1 na ushee. Kwa hiyo chaja nzima, waya mzima, shida iko kwenye simu. Dakika moja tu. Yule wa kwanza hata hakutaka kuiona chaja yangu.

Akachukua sindano nyembamba, akawasha taa, akanisogezea kioo cha kukuzia nijionee. Jamani. Mle ndani ya tundu la chaji kulikuwa na unga. Unga wa ngano, umeingia kidogokidogo miaka yote hii nikishika simu na mikono ya kukandia, umechanganyika na jasho na nyuzi za dera, umeshindiliwa na waya kila siku mpaka umekuwa kama ugali mkavu. Akatoa donge la kwanza, akaliweka kwenye karatasi nyeupe, akatoa la pili, la tatu likatoka limenata iliki. Harufu nimeisikia mwenyewe. Hapo ndo nilielewa kwa nini waya ulikuwa hauingii mpaka mwisho, mi nilikuwa nadhani tundu limelegea, kumbe limejaa! Na kadiri nilivyokuwa naukandamiza na mchi ndo nilikuwa naushindilia unga zaidi.

Baada ya unga ikaonekana kutu ya kijani kwenye pini. Hiyo akasema haimwachi mtu yeyote hapa, ni shaba na hewa ya chumvi, anayekaa Raskazone na anayefanya kazi pale soko la samaki Deep Sea ndo kabisa, simu zao anazijua kwa kuangalia tundu tu kabla hajaambiwa mtu anakaa wapi. Tundu la aina hii, Type-C, limepangiwa pini 24 kwenye nafasi ndogo ile, zingine mtu huwezi kuziona bila kioo, kwa hiyo chumvi kidogo tu ikikaa pale zinaacha kushikana vizuri. Akasugua na brashi laini na dawa inayokauka haraka kama spiriti, akachomeka tena: volti 9. Mi nilishatoa pochi nikijua nabadilishiwa sistim chaji, yaani tundu lenyewe, nilishaambiwa na watu kwamba ni kama 15,000, akasema "Ya nini? Haijafa, imechafuka tu." Bure. Hajanichaji hata senti kwa hiyo.

Betri ndo ilikuwa na kesi. Akazungusha kadi ngumu ya plastiki ukingoni, mgongo ukaachia, skrubu akazipanga kwenye kisumaku kwa mpangilio wa zilivyotoka, akaitoa betri ya Dubai taratibu sana bila kuichokonoa na chuma, manake iliyovimba ukiitoboa ndo balaa. Imeandikwa 5000 mAh, yaani ujazo wake wa umeme, vizuri kabisa, herufi zote zimenyooka. Akavuta mizani ndogo ile ya wauza dhahabu. Akaweka ya kwangu, gramu 43. Akatoa kwenye droo betri nyingine, ya orijino, aliyoitoa kwenye Samsung A21s iliyokufa bodi, kumbe A21s na A12 zinatumia betri ileile, gramu 66. Hakusema neno, aligeuza tu mizani nisome. Biskuti na mkate wa sinia unaujua tofauti hata ukifumba macho, na mi ndo kazi yangu kupima vitu, nikajisikia vibaya kwamba nilishika ile betri mkononi siku ile na sikushtuka.

Akaniwekea mpya, 35,000 betri na 5,000 ufundi. Bei hiyo kwa Tanga si rahisi, tuseme ukweli, kuna vibanda utapata betri ya 15,000. Ila alifanya kitu nilichokipenda, alikata kipande cha tepu nyeupe akaandika tarehe na "miezi 3", akakibandika ndani juu ya betri kabla hajafunga. Hiyo ndo risiti na ndo garantii, risiti ya karatasi hana, nilipoomba aliniangalia kama nimeomba chai. Na namba ya siri hakutaka. Alinipa simu niifungue mwenyewe, nijaribu chaji mwenyewe, nipige picha mwenyewe, yeye kaiangalia kutoka upande wake wa meza.

Nikamuuliza mambo ya chaji, manake sisi tumelelewa na ile kwamba betri mpya ichajiwe saa nane kabla ya kutumia na isubiri iishe kabisa ndo uchomeke. Akasema hayo yalikuwa ya betri za zamani za nikeli, hizi za lithiamu ndo hazipendi kufika sifuri na hazipendi joto, kwa hiyo mama toa simu jikoni. Nitoe simu jikoni niweke wapi na oda zinaingia? Tukabishana kidogo hapo. Tumekubaliana dirishani.

Mi huwa nazikumbuka zile Nokia zenye betri ya BL-5C. Betri ikichoka unafungua kwa kucha, unanunua nyingine popote, unaweka mwenyewe umesimama, mpaka viredio vya Kichina vilikuwa vinaitumia hiyohiyo, ikifa kwenye simu unamwibia babu kwenye redio. Leo kila kitu gundi. Ulaya wameshapitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 simu zinazouzwa kwao ziwe na betri ambayo mwenyewe unaweza kuitoa, ingawa wameacha mwanya kwa zile zinazodumu sana na zisizoingia maji, na hapo ndo kampuni zitapita zote kwenye mwanya huohuo, utaona. Sijui sisi itatufikia lini.

Sasa mabaya yake. Kibanda ni tanuri. Kiti hamna, unakalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa na ukinyanyuka ina alama. Anafungua saa nne, saa nyingine nne na nusu, Ijumaa akifunga mchana usimsubiri. Simu yake hapokei, sijui ni fundi simu gani. Na mdomo hana, hakubembelezi. Alikuja kijana na iPhone 6 anataka kioo kipya, kioo chenyewe anacho na angemuuzia tu akala hela yake. Akamuuliza unaitumia WhatsApp? Kijana akasema ndo hiyo hata haifunguki siku hizi. Akamwambia haitafunguka, WhatsApp iliziacha iPhone 6 tangu tarehe 5 Mei 2025, hela ya kioo kaongezee kwenye simu nyingine. Yule kijana kachukia, kaona kadharauliwa mbele za watu, kaondoka anasonya kwamba ataenda kwa fundi anayejua. Kwa maneno yaleyale ila yamesemwa vizuri angekaa, binti wa watu ajifunze tu kusema "samahani kaka" kwanza, hailipiwi.

Saivi ni wiki ya saba. Nachomoa chaji alfajiri iko 100, natuma picha, napokea oda, napiga simu, napitia tiktok kidogo nikisubiri mafuta yapate moto, na nikilala bado ina thelathini na kitu na haijazima hata mara moja. Simu ya miaka yote hii! Kamera yake bado inatoa kaimati zinang'aa. Inakwama kwama ukifungua vitu vingi, hiyo ilikuwa hivyo tangu mpya, simlaumu fundi.

Mkienda bebeni chaja zenu msije mkarudishwa kama mie. Aliniuzia na kizibo cha mpira cha kuziba tundu la chaji nikiwa napika, 1,000, nikakifurahia kweli siku tatu za kwanza. Kimeshapotea. Mara ya mwisho nilikiona juu ya meza ya kukandia, kwa hiyo kama uliagiza visheti vyangu wiki iliyopita na ukakuta kitu cheusi hakitafuniki, nisamehe, na ukinirudishia nitakuongezea sahani moja.