Dickens au Hugo: uanze na riwaya ipi ya mapinduzi?

Swali hili haliishi kwa wasomaji wa riwaya: kati ya A Tale of Two Cities (1859) ya Charles Dickens na Les Misérables (1862) ya Victor Hugo, ipi inagusa dhamiri zaidi?

Kwa urefu hakuna ubishi. Dickens ana sura 45. Hugo ana juzuu 5, na humo anasimama kueleza hata mifereji ya majitaka ya Paris.

Kwenye kisasi, Dickens ni mkali zaidi. Madame Defarge, mwanamapinduzi wa Paris, anafuma majina ya watakaouawa, na sababu anayo: familia yake iliangamizwa na makabaila wawili ndugu. Lakini hasira yake inamwandama hata mtoto mdogo asiye na hatia. Kinachoumiza zaidi ni waraka wa Daktari Manette, aliouficha gerezani Bastille: ndio unaomtia hatiani Darnay, mkwewe mwenyewe, aliyezaliwa katika ukoo wa makabaila hao.

Huruma ni uwanja wa Hugo. Valjean, aliyefungwa miaka 19 kwa kuiba mkate na kujaribu kutoroka, anamwachia huru Javert, polisi anayemsaka, wakati wa maasi ya Paris ya 1832. Javert, mtumwa wa sheria, anashindwa kuishi na wema huo. Carton, wakili katika riwaya ya Dickens, naye anakufa badala ya Darnay, ila Valjean anajitoa kwa miaka mingi, jambo ambalo kwangu ni gumu zaidi.

Unataka kuelewa mnyonge anavyogeuka mnyanyasaji? Chukua Dickens. Unajiuliza kama mhalifu anaweza kubadilika, na una likizo ndefu? Hugo anakufaa.