Nimelipia "bila intaneti", nikaambiwa niwashe intaneti

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu programu, hata zile zilizonifurahisha. Hii nimeshindwa kuinyamazia. Jina silitaji, maana bado nawadai.

Nafundisha Fizikia Ukerewe. Shuleni kompyuta zipo, intaneti hakuna. Wikiendi naenda Nansio, napakua vya kupakua, Jumatatu naingia darasani na fleshi mfukoni. Kuna tovuti ya masomo ya umeme ambayo mwanafunzi anaunganisha waya mwenyewe, anawasha swichi, taa inawaka. Nikaitaka nzima nzima. Tangazo la programu lilisema inahifadhi tovuti yoyote uitumie bila intaneti. Nikalipia, nikanunua bando la usiku, nikakesha. Alfajiri ikaniambia imemaliza, asilimia 100, na tiki ya kijani juu.

Jumatatu, Kidato cha Tatu, arobaini na kitu wamebanana kwenye kompyuta tisa. Kichwa cha somo kikatokea. Rangi, nembo, vyote vikatokea. Pale katikati penye saketi, kiduara kinazunguka. Tukasubiri. "Mwalimu, bado inafunguka?" Inafunguka, nikasema, huku moyoni najua haifunguki. Vipindi viwili, dakika 80, tunatazama kiduara. Mpaka leo nikipita korido ya Kidato cha Tatu kuna mtu anazungusha kidole hewani.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Siku kadhaa kimya, kisha: "Ndugu mteja, tafadhali hakikisha kifaa chako kimeunganishwa na intaneti, kisha ujaribu tena."

Nilisoma mara tatu. Nikawaeleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto wa Kidato cha Kwanza, kwamba intaneti ndiyo nisiyokuwa nayo, na ndiyo sababu nimewapa hela yangu. Akajibu mwingine, huyu hata "ndugu" hana: tatizo ni tovuti uliyochagua. Akafunga malalamiko yangu hapo hapo, nisipate pa kujibu.

Tovuti niliyochagua! Si mlisema yoyote?

Kijana mmoja wa stesheneri pale Nansio ndiye aliyenifungua macho. "Shikamoo Mwalimu, hapo umebeba gamba." Tovuti hizi za JavaScript, lugha ya kuandikia maagizo ya kivinjari, faili la kwanza linalofika huwa karibu tupu. Ndani ni maagizo tu. Kivinjari kinayatekeleza, ndipo kinaenda kuomba vitu vyenyewe kwenye seva. Ukinakili mafaili bila kuyaendesha maagizo, umebeba orodha ya mahitaji ya pilau, mchele umebaki dukani. Na hili si jambo geni kwa watu wa kazi hiyo. HTTrack, programu ya kunakili tovuti, ipo tangu 1998, na tovuti za namna hii nayo zinaishinda, ila ile ni ya bure. Hawa walijua, wakachukua hela, wakaweka na tiki ya kijani.

Akaniwekea ArchiveWeb.page, bure. Inakaa ndani ya kivinjari cha Chrome na kurekodi kila kinachoingia wakati wewe mwenyewe unazunguka kwenye tovuti. Usichokibofya hakirekodiwi, kwa hiyo nilibofya saketi moja moja mpaka kidole kikauma. Ukimaliza unapata faili moja la WACZ, yaani furushi la vyote ulivyorekodi, linafunguliwa na ReplayWeb.page, nayo ipo ya kusakinisha kwenye kompyuta. Nikazima data, nikawasha swichi. Taa ikawaka. Nilipiga kelele mpaka mteja wa fotokopi akageuka. Kwa kurasa za kusoma tu akanipa SingleFile, inayokunja ukurasa mzima kuwa faili moja, ila kwa kawaida inaondoa skripti, yaani yale maagizo, kwa hiyo usitegemee vitufe vifanye kazi.

Haya, nisiwaonee. Ile programu niliyolipia, kurasa za maandishi na picha inazibeba vizuri, tena haraka. Mwenzangu wa Kemia amechukua notisi zake humo na hana shida nayo. Kama kazi yako ni notisi, ningesema nyota tatu, ichukue.

Tatu? Hapana, hasira zilikuwa zimeanza kupoa. "Hakikisha kifaa chako kimeunganishwa na intaneti"! Moja inawatosha.

Sasa hivi nimeifungua nitafute pa kusitisha malipo. Kitufe kipo. Nimebofya. Kiduara kinazunguka.