Mshipi wa kusuka: ratili 20 au 40 kwa sangara wa Ziwa Victoria?

Kwenye rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya saizi 4000, mshipi wa ratili 20, yaani unaohimili takriban kilo 9, una unene wa takriban milimita 0.2. Unaruka mbali hata kwa chambo bandia cha gramu 10. Maji yakiwa wazi mbele ya ufuo wa Dunga, Kisumu, chukua huo. Breki ya rili, inayozuia mshipi samaki anapouvuta, ikaze kilo 2 hadi 2.5, yaani robo ya nguvu ya mshipi. Pima kwa mizani ya kuning'iniza.

Magugu maji yakisogea, au ukivua kwenye miamba ya kisiwa cha Rusinga, tunashauri 40 bila kusita. Sangara akinaswa hukimbilia chini, na mshipi mwembamba uliokazwa ukigusa jiwe hukatika papo hapo. Wa 40 hauendi mbali sana, lakini breki ya kilo 4 humng'oa samaki kwenye magugu.

Wowote utakaochagua, tanguliza mizunguko michache ya nailoni, la sivyo mshipi wote utateleza juu ya spuli (kibia cha rili kinachobeba mshipi) na utadhani breki imeharibika. Uzungushe ukiubana kwa kitambaa kibichi. Ukilegea, mizunguko ya juu huzama kwenye ya chini na kunasa unaporusha. Mbele unga mita 1.5 ya nailoni ya ratili 60: mdomo wa sangara hukwaruza kama msasa.