"Yesu wangu!" ya bibi na "Bwana asifiwe" ya kwenye maiki

Wengi tumelelewa tukiambiwa kuita "Yesu!" ukishtuka ni dhambi, si Kutoka 20:7 imeshasema usilitaje bure jina la BWANA Mungu wako, ila "Bwana asifiwe" ni salama hata uiseme mara hamsini kwa siku. Mi hapo sikubali.

Bibi yangu, siku sufuria la uji wa moto lilimwagika pembeni ya mguu wa mdogo wangu, aliita "Yesu wangu!" huku ameshamnyanyua mtoto, mikono inamtetemeka, afu akakaa chini kwenye mkeka akanyamaza muda mrefu. Ile ilikuwa sala kabisa, fupi tu.

Sasa linganisha na MC wa harusi anagonga maiki, "Bwana asifiwe, haloo haloo, Bwana asifiwe, wa nyuma mnanisikia?", yaani jina limekuwa la kujaribia spika, na sisi tunaitikia "amina" macho yako kwenye simu. Inaniuma sana hii kuliko ile ya bibi. Ila wale wa kuita Yesu kila goli likikoswa siwatetei.

Wakatoliki wana kitu nakipenda, taratibu za misa zinaelekeza kuinamisha kichwa jina la Yesu likitajwa. Wayahudi nao wakifika kwenye zile herufi nne za jina la Mungu wanasoma Adonai, yaani Bwana, ndo desturi iliyotuletea BWANA ya herufi kubwa kwenye Biblia zetu. Kote huko mtu anasita kidogo kwanza, na huko kusita ndo sikuoni kwenye maiki.