Matplotlib na maandishi ya chati: mapitio kwa wanaochora kwa Python

Matplotlib ni maktaba ya kuchorea chati kwa lugha ya Python. Iliasisiwa na John D. Hunter, mtafiti wa sayansi ya neva kutoka Marekani, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu alipofariki mwaka 2012 imeendelea kutunzwa na jumuiya ya waandaaji programu ambao kazi yao hupatikana bila malipo. Wanaoisifu huzungumzia wingi wa aina za chati inazoweza kuchora. Mapitio haya yanahusu maandishi peke yake, yaani kichwa cha chati, majina ya mihimili, lebo za nguzo na maelezo yanayoandikwa ndani ya mchoro, kwa sababu hapo ndipo msomaji wa ripoti huelewa au hupotea, na hapo ndipo maktaba hii inapoonyesha ubora wake mkubwa pamoja na upungufu wake mkubwa.

Kipimo ninachopendelea ni chati ya idadi ya watu kwa mikoa 31 ya Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Takwimu zake zinafahamika: Dar es Salaam ina watu 5,383,728, Mwanza 3,699,872, Tabora 3,391,679. Ukichora nguzo za wima bila kubadilisha chochote, Matplotlib itakupa mchoro wenye upana wa inchi 6.4 na kimo cha inchi 4.8, wenye herufi za ukubwa wa pointi 10, na majina ya mikoa yatapandana kiasi cha kutosomeka kabisa. Kwenye mhimili wa wima zitaonekana namba 0 hadi 5, na juu yake kialama kidogo cha 1e6, ambacho mwanahisabati atakielewa lakini diwani anayesoma taarifa ya halmashauri hatakiona, na akikiona hatajua kuwa kinamtaka azidishe kila namba kwa milioni moja. Mstari mmoja wa msimbo unaoagiza namba ziandikwe kamili, zikitenganishwa kwa mkato, unaondoa tatizo hilo. Ningependa sana iwe hivyo tangu mwanzo.

Ubora wa maktaba hii uko kwenye mifumo ya kutaja mahali, nami nashauri kila mwanafunzi aielewe kabla ya kujifunza rangi na fonti. Neno linaweza kuwekwa kwa vipimo vya takwimu zenyewe, kwa mfano penye thamani ya milioni tano. Kwa sehemu ya eneo la mchoro, ambapo 0 ni kushoto au chini na 1 ni kulia au juu. Au kwa sehemu ya picha nzima, jambo linalofaa pale picha moja inapobeba michoro kadhaa. Maelezo ya chanzo, kama "Chanzo: Sensa ya Watu na Makazi 2022", yanatakiwa kufuata eneo la mchoro, yakae chini kidogo ya sifuri, ili yasihame hata takwimu zikibadilika. Maelezo yanayohusu nguzo fulani yanatakiwa kuifuata nguzo hiyo.

Amri ya annotate ndiyo inayonifanya niendelee kutumia Matplotlib, kwa kuwa inachanganya mifumo miwili katika sentensi moja ya msimbo. Unaiambia ishike ncha ya nguzo ya Dar es Salaam kwa vipimo vya takwimu, kisha isogeze maandishi pointi nane kulia kwa vipimo vya karatasi, ambapo pointi 72 ni inchi moja. Takwimu zikibadilika, maandishi yataifuata ncha mpya, na ile nafasi ya pointi nane haitaongezeka wala kupungua. Anayepanga lebo kwa kuziburuta kwa kipanya hulazimika kuzipanga upya kila toleo. Aliyeandika amri hii huitumia tena kwa chati ya kila mkoa na kila mwaka, na lebo zote hukaa kwa umbali uleule. Kwa ofisi inayotoa chati zilezile kila robo mwaka, sifa hii pekee inatosha kuhalalisha muda wa kujifunza.

Kuzungusha majina kunahitaji uangalifu. Wengi huyazungusha kwa nyuzi 45 na kuishia hapo. Kwa kuwa ulinganifu wa kawaida ni wa katikati, kitovu cha jina ndicho kinachokaa chini ya nguzo, huku mwisho wa jina refu kama "Kaskazini Unguja" ukielekea nguzo ya jirani, na msomaji akasoma thamani ya mkoa mwingine. Dawa ni kuagiza ulinganifu wa kulia pamoja na mzunguko unaoanzia kwenye nanga ya neno, yaani ile ncha iliyoshikizwa chini ya nguzo, ili herufi ya mwisho ndiyo ielekee nguzo yake. Hata hivyo, kwa majina yetu marefu naona ni bora kulaza nguzo zenyewe na kuacha majina yasomeke kwa mlalo bila kupinda shingo. Hapo amri ya bar_label, iliyoongezwa katika toleo la 3.4 mwaka 2021, huandika thamani mwishoni mwa kila nguzo bila wewe kukokotoa mahali pa kuiweka. Kinachobaki ni kuongeza nafasi kidogo upande wa kulia ili namba ya Dar es Salaam isivuke mpaka wa mchoro.

Kuhusu ukubwa wa herufi, nasisitiza jambo moja linalopuuzwa. Pointi 10 ni pointi 10 kwenye picha ya inchi 6.4, picha hiyo ikibanwa kwenye safu ya inchi 3.2, msomaji anapata pointi 5. Kwa hiyo upana wa mwisho uamuliwe kwanza, na picha ichorwe kwa upana huohuo. Ndiyo maana natahadharisha juu ya chaguo la kuhifadhi kwa kukata kingo, ambalo huokoa maandishi yaliyotoka nje lakini hubadilisha ukubwa wa picha kimyakimya, hivyo picha mbili zikipangwa kwenye ukurasa huwa na herufi zisizolingana. Mpangilio uitwao constrained unafaa zaidi, kwani hupunguza eneo la mchoro kupisha maandishi na kuacha ukubwa wa picha ulivyo.

Upungufu mkubwa ni kwamba lebo hazijui kukwepana. Maktaba hutafuta nafasi iliyo wazi kwa ajili ya kisanduku cha ufafanuzi wa rangi, lakini haifanyi hivyo kwa maneno unayoyaandika mwenyewe. Ukichora nukta za mikoa kwa eneo na idadi ya watu, mikoa mitano ya Zanzibar, iliyo midogo kwa eneo, itasongamana kwenye kona ya chini kushoto, na majina yake yatapandana. Watumiaji wa ggplot2, maktaba ya chati ya lugha ya R, wana nyongeza iitwayo ggrepel kwa kazi ya kutenganisha lebo; upande wa Python kuna adjustText, inayotengenezwa nje ya Matplotlib, ambayo husaidia lakini matokeo yake yanataka kukaguliwa kwa macho. Kwa nukta chache bado naona ni salama kutaja kila umbali kwa mkono.

Anayeandika Kiswahili atakutana na mambo mawili madogo. Neno "ng'ombe" likizungushiwa alama moja ya nukuu ('), ritifaa yake itachukuliwa na Python kuwa ndiyo mwisho wa maandishi na programu itakataa kuendelea, basi tumia alama mbili za nukuu ("). Pia alama mbili za dola katika sentensi moja, kwa mfano unapolinganisha bei mbili, hufanya yaliyo katikati yasomwe kama fomula ya hisabati, mpaka kila alama itanguliwe na mkwaju wa nyuma (\). Fonti ya DejaVu Sans, iliyo ya kawaida tangu toleo la 2.0, inasomeka vizuri ingawa herufi zake ni pana.

Kwa chati zinazokwenda kwenye tovuti, kuna hatua moja zaidi. Faili za SVG, yaani picha zinazoundwa kwa mistari na maumbo badala ya nukta za rangi, huhifadhiwa maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro ya herufi, hivyo anayetafuta "Kigoma" kwenye ukurasa hatalipata neno hilo ndani ya chati, na programu za kuwasomea wasioona hazitakuta herufi za kusoma. Mpangilio wa svg.fonttype ukiwekwa "none", maneno hubaki kuwa maneno, kwa sharti kwamba kifaa cha msomaji kina fonti uliyoitaja. Mimi huuweka hivyo kwa kazi zote za mtandaoni, na kwa zinazokwenda kiwandani kuchapwa huuacha kama ulivyo.